Wasomaji Wanauliza: Utando wa Keratini ya Sufu na Polima ya Kiwandani

Safu hii imepokea barua kadhaa kutoka kwa wasomaji wanaojaribu kutengeneza tando kwa kuchanganya protini ya sufu na polima za kiwandani, yaani vitu vyenye molekuli ndefu kama minyororo. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi. Barua ndefu tumezifupisha bila kugusa kiini cha maswali.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika kemia. Nilichemsha sufu safi katika soda kostiki hadi ikayeyuka, nikachuja, nikapunguza ukali kwa asidi, kisha nikachanganya protini niliyoipata na alkoholi ya polivinili, yaani PVA, kwa uzito sawa. Nilitarajia utando unaokunjika, kwa kuwa PVA peke yake hukunjika bila shida. Nilichopata ni kitu cha rangi ya chai kinachovunjika kila ninapokiinua kwa vidole, tena kinanuka kama yai bovu. Nimeongeza PVA mara kwa mara na nafuu ni ndogo. Je, nimekosea wapi katika kuchanganya?

JIBU: Ndugu yangu, kuchanganya hakuna kosa. Utando wako uliharibika siku ulipoyeyusha sufu, na hakuna uwiano wa PVA utakaoweza kurudisha kile kilichopotea siku hiyo. Ninalisema hili kwa msisitizo kwa sababu barua nyingi tunazopokea zinauliza juu ya uwiano, ilhali shida iko hatua mbili nyuma.

Sufu iliyosafishwa mafuta na uchafu ni keratini karibu yote. Kinachoitofautisha keratini na protini nyingine nyingi ni wingi wa salfa, ambayo katika sufu hufikia asilimia 3 hadi 4 ya uzito. Salfa hiyo imo katika asidi amino iitwayo sistini, na kazi yake ni kufunga mnyororo mmoja wa protini na mwingine kwa bondi ya salfa kwa salfa. Bondi hizo ndizo zinazoifanya sufu isiyeyuke katika maji, katika pombe wala katika viyeyushi vingi vya maabara. Kwa hiyo anayetaka kuyeyusha sufu anakabiliwa na kazi moja ya msingi, nayo ni kukata bondi za salfa huku akiuacha uti wa mnyororo wenyewe ukiwa mzima.

Soda kostiki ya moto haijui kubagua. Hukata bondi za salfa, hukata pia bondi za peptaidi zinazoushikilia mnyororo, na kuifanya salfa itoke katika umbo la salfaidi, ambayo hugeuka kuwa gesi yenye harufu ya yai bovu pale unapotia asidi. Ndiyo harufu uliyoisikia. Baadhi ya mabaki ya sistini hugeuka kuwa lanthionini, ambayo ni kifungo kisichoweza kufunguliwa tena kwa njia za kawaida. Ulichokichuja hakikuwa keratini kwa maana inayokufaa, bali vipande vifupi vya protini. Vipande vifupi havisukani. Vikikaa katikati ya minyororo ya PVA huikatiza badala ya kuimarisha, na utando unapokauka hupasuka palipo vipande hivyo.

Njia ninayokushauri ni ile inayotumia metabaisalfaiti ya sodiamu pamoja na yurea. Andaa myeyusho wenye yurea ya molari 8, yaani takriban gramu 480 kwa lita, na metabaisalfaiti ya molari 0.5, yaani takriban gramu 95 kwa lita, kisha urekebishe pH iwe 6.5. Katika kila mililita 100 tia gramu 5 za sufu iliyokatwa fupi, uitikise kwa joto la nyuzi 65 za Selsiasi kwa saa mbili na nusu hivi. Yurea hulegeza bondi za haidrojeni na kuivimbisha sufu, na salfaiti hupenya na kuivunja bondi ya salfa, ikiacha upande mmoja na kundi la thioli, yaani salfa iliyoshika haidrojeni, na upande wa pili na salfa iliyobeba chaji hasi. Chaji hiyo ndiyo inayoifanya protini ikae ndani ya maji. Usishawishike kupandisha joto ili kuharakisha, kwa maana yurea ikipashwa mno huzalisha sianati, nayo hushambulia makundi ya amino ya protini.

Utaona kwamba sehemu kubwa ya sufu inabaki chini ya chombo, imevimba lakini haijayeyuka. Usihuzunike wala usirudi kwenye soda kostiki kwa tamaa ya kupata zaidi. Kilichoyeyuka kina minyororo mirefu, ambayo katika sufu huwa na uzito wa takriban dalton 40,000 hadi 60,000 (dalton ni kipimo cha uzito wa molekuli), na pamoja nayo ile mifupi yenye salfa nyingi. Ukipitisha sampuli yako kwenye jeli ya elektroforesi, inayotenganisha protini kwa ukubwa kwa nguvu ya umeme, utatarajia kuona michirizi iliyo wazi katika eneo hilo la juu. Protini ya soda kostiki, kwa kawaida, haionyeshi mchirizi wowote unaotambulika, bali huacha doa refu lililofifia linaloteremka hadi mwisho wa jeli. Fanya kipimo hiki kabla ya kufungua kopo la PVA.

SWALI: Kwa nini vitabu vinataja polima chache tu kwa kazi hii? Plastiki ya mifuko ni rahisi na inapatikana kila mahali. Je, haiwezi kuchanganywa na unga wa sufu?

JIBU: Inaweza kubeba unga wa sufu kama inavyoweza kubeba unga wa mbao, lakini hapo hutakuwa na mchanganyiko wa polima mbili, bali plastiki yenye chembe ndani yake. Polima mbili huchanganyika kwa maana halisi pale ambapo minyororo yake inapitana, na ili ipitane ni lazima zote mbili ziwe huru kwa wakati mmoja, ama kwa kuyeyushwa na joto ama kwa kuwekwa katika kiyeyushi kimoja. Keratini haiyeyuki kwa joto. Ukiipasha kupita nyuzi 200 hivi, mpangilio wake unavurugika na kisha inaanza kuoza kikemikali kabla haijawa kimiminika. Kwa hiyo inabaki njia ya kiyeyushi, na swali la kwanza kwa polima yoyote ni hili: je, kuna kimiminika kinachoikubali polima hiyo na keratini pia?

Polithini ya mifuko inashindwa mtihani huo. PVA na oksidi ya poliethilini zinafaulu kwa sababu zote mbili huingia katika maji. PVA ina faida ya kuwa na kundi la haidroksili karibu katika kila hatua ya mnyororo wake, na makundi hayo hushikana kwa bondi za haidrojeni na makundi ya amaidi ya protini, yaani yale yanayounganisha asidi amino moja na nyingine. Nailoni ya aina ya poliamaidi 6 nayo inafaulu kwa njia tofauti: haiingii katika maji, lakini huyeyuka katika asidi fomiki, na keratini iliyokwisha kutolewa kwenye sufu huyeyuka humo pia. Tena nailoni na protini zina kundi lile lile la amaidi katika uti wa mnyororo, kwa hiyo zinaelewana kuliko unavyoweza kudhani ukiangalia asili zake.

Kwa anayeanza, napendekeza PVA bila kusita. Asidi fomiki huunguza ngozi na mvuke wake huumiza macho na mapafu, na haifai kabisa kutumiwa pasipo kabati la kuvutia hewa chafu.

SWALI: Tando zangu za keratini na PVA hazivunjiki, lakini zina ukungu mweupe na wakati mwingine juu yake huota kitu kama sindano ndogo zinazong'aa. Pia zina matundu. Nimebadilisha joto la kukaushia bila mafanikio.

JIBU: Umeeleza mambo matatu yenye sababu tatu tofauti, na ni vema umeyatazama kwa makini kiasi hicho.

Sindano zinazong'aa ni fuwele za yurea. Maji yanapoondoka, yurea iliyobaki hukosa pa kukaa na huibukia juu ya utando. Maana yake ni kwamba hukuisafisha protini vya kutosha. Baada ya kuchuja, mimina myeyusho wa keratini katika mfuko wa selulosi wa dayalisisi, yaani wa kuchuja molekuli ndogo zitoke, unaozuia molekuli zinazozidi dalton 12,000 hadi 14,000, uuzamishe katika maji yaliyotoneshwa, na uyabadilishe maji hayo mara kwa mara kwa muda wa siku tatu. Wengi hupima upitishaji wa umeme wa maji ya nje, na wakiona umeshuka hudhani kazi imekwisha. Kipimo hicho kinakuambia kuhusu chumvi peke yake, kwa sababu yurea haina chaji na haipitishi umeme. Chukua tone la maji ya mwisho, uliweke juu ya kioo safi, ulikaushe taratibu na kulitazama kwa lenzi. Likiacha fuwele, endelea kubadilisha maji. Likikauka bila kuacha alama, funga kazi.

Matundu ni mapovu. Ikiwa ulitumia sabuni ya dodesili salfeti ili kusaidia uyeyushaji, kama ilivyo katika taratibu nyingi, sehemu yake imeshikamana na protini na haitoki kirahisi hata kwa dayalisisi, na kila unapokoroga hutoa povu. Koroga polepole, acha mchanganyiko utulie usiku kucha ukiwa umefunikwa, au uupitishe katika ombwe hafifu kabla ya kumwaga.

Ukungu mweupe ndio unaonipa wasiwasi zaidi, kwa sababu huenda ni dalili kwamba polima mbili zimeachana. Zikiwa ndani ya maji mengi zinaweza kuonekana zimekubaliana, lakini maji yanapopungua kila moja hutafuta jamii yake, zikatokea tone za keratini ndani ya bahari ya PVA au kinyume chake, na mwanga ukipita katikati yake hutawanyika. Jambo la kuangalia kwanza ni pH. Keratini ya sufu hupoteza chaji yake ya jumla pH inapokaribia 4.5 hadi 5, na ikikosa chaji hujikusanya na kuganda. Maji yaliyotoneshwa yaliyokaa wazi hunyonya hewa ya ukaa na kuwa na asidi kidogo, kwa hiyo mchanganyiko unaweza kuteleza kuelekea eneo hilo pasipo mtu kutia asidi yoyote. Ushikilie kwenye 7 hadi 8.

Jambo la pili ni namna ya kuandaa PVA. Aina iliyokamilika hidrolisisi, yaani ambayo asilimia 98 na kuendelea ya makundi yake ya asetati yamegeuzwa kuwa haidroksili, inahitaji maji ya nyuzi 90 hivi ili iyeyuke kikamilifu. Ukiimwaga katika maji ambayo tayari ni ya moto, kila punje huvaa ngozi ya jeli kwa nje na kubaki kavu ndani, na madonge hayo yataonekana baadaye kama madoa. Inyunyize kidogo kidogo katika maji baridi huku ukikoroga, iache ilowe, kisha upandishe joto taratibu hadi myeyusho uwe angavu. Iache ipoe hadi chini ya nyuzi 40, ndipo uimimine ndani ya keratini kama uzi mwembamba, huku ukiendelea kukoroga.

Kumwaga nako kuna adabu yake. Tumia sahani ya polipropilini, kwa sababu utando wa PVA hushika kioo kwa nguvu na utaurarua ukiubandua. Hakikisha rafu iko sawa kwa kipimo cha maji, maana mteremko mdogo usioonekana kwa macho unatosha kuufanya upande mmoja wa utando uwe mzito maradufu ya mwingine. Mililita 20 za mchanganyiko wenye asilimia 5 ya yabisi, zikimwagwa katika sahani ya sentimita 9, huacha gramu moja ya utando wenye unene wa takriban milimita 0.12. Kausha kwa nyuzi 40 hadi 50, si zaidi, ili ngozi ya juu isifunge kabla maji ya chini hayajatoka.

SWALI: Nina utando angavu, laini na imara. Msimamizi wangu anasema hiyo haithibitishi kwamba protini na polima vimeungana. Nithibitishe vipi, ikiwa maabara yetu haina vifaa vya gharama?

JIBU: Msimamizi wako anasema kweli, na ninakuomba usimkasirikie. Utando unaweza kuwa angavu kwa sababu tu matone ya keratini ni madogo kuliko urefu wa wimbi la mwanga.

Wenye kifaa cha miale ya infraredi huangalia mkanda wa kwanza wa amaidi, ulio kati ya 1,600 na 1,700 kwa kipimo cha sentimita kinyume. Ukielekea karibu na 1,650 unaashiria misokoto ya alfa, na ukishuka kuelekea 1,620 hadi 1,630 unaashiria mikunjo bapa ya beta; hayo ni maumbo mawili ya mnyororo wa protini. Mikanda ya mchanganyiko ikiwa ni jumla tu ya mikanda ya kila kimoja, basi hakuna lililotokea baina yake. Ikisogea mahali pake au ikibadilika umbo, kuna mahusiano. Pia mstari ulio karibu na 1,020 huonyesha zile salfa zenye chaji zilizotokana na salfaiti, na ni njia nzuri ya kufuatilia kama bondi za salfa zimeanza kurudi.

Usipokuwa na kifaa hicho, maji na vitendanishi vya darasani vitakufikisha mbali. Pima uzito wa kipande kikavu cha utando, ukiloweke katika maji ya joto la chumba kwa saa 24, ukikaushe na ukipime tena. Kisha, na hapa ndipo penye faida, uyagawe maji ya kuloweka mara mbili. Katika fungu la kwanza fanya kipimo cha biureti kwa salfeti ya shaba na alkali: rangi ya zambarau inakuambia protini imetoroka. Katika fungu la pili tia asidi ya boriki na iodini: rangi ya buluu au ya kijani-buluu inakuambia PVA imetoroka. Fanya vivyo hivyo kwa utando wa keratini peke yake, kwa utando wa PVA peke yake, na kwa mchanganyiko. Mchanganyiko ukitoa kila kimoja pungufu ya kile kinachotoka katika tando za peke yake kwa uzito ule ule, una ushahidi kwamba vinashikana. Ukitoa protini yote na kubakiza PVA yenye matundu, unajua kwamba keratini ilikuwa mgeni ndani ya nyumba ya mwenzake.

Binafsi ninauthamini ushahidi huu wa maji kuliko mistari ya infraredi iliyosogea kidogo, kwa sababu unagusa jambo ambalo mtumiaji wa utando atakutana nalo kwanza.

SWALI: Nifanyeje ili utando usiyeyuke kabisa ukilowa?

JIBU: Kwanza jaribu joto. Kuupasha utando mkavu kwa nyuzi 100 hadi 120 huongeza fuwele katika PVA, na fuwele hizo hustahimili maji baridi. Huku kwenye keratini, thioli zilizokuwa wazi huungana tena na kurejesha sehemu ya bondi za salfa. Wengi hukimbilia glutaraldehaidi, nayo hufunga vizuri makundi ya lisini, mojawapo ya asidi amino, ya protini na, palipo na asidi, haidroksili za PVA. Hata hivyo keratini ina lisini chache, na glutaraldehaidi iliyobaki huwasha na kudhuru seli, jambo ambalo linaufanya utando usifae kwa vidonda, yaani pale pale ambapo keratini ingekuwa na manufaa makubwa. Asidi ya sitriki pamoja na joto ni chaguo la upole zaidi kwa kazi hiyo.

SWALI: Je, naweza kuandika kwenye bidhaa yangu kwamba ni ya asili na inaoza?

JIBU: Hapana, ndugu, usiandike hivyo. PVA hutengenezwa kiwandani kutoka asetati ya vinili. Kuyeyuka katika maji si kuoza. Polima iliyoyeyuka bado ipo, ila haionekani. Kuna vijidudu vinavyoila PVA, hasa katika mitambo ya majitaka ambako vimeizoea, lakini katika udongo wa kawaida kazi hiyo ni ya polepole mno. Mchanganyiko wa poliamaidi 6 una hali ngumu zaidi, kwani keratini italiwa na nailoni itabaki. Andika asilimia ya kila kimoja. Mnunuzi ana haki ya kujua anachokizika shambani mwake.

SWALI: Vipimo vyangu vya nguvu ya kuvuta vinatofautiana siku hadi siku kwa utando ule ule. Je, mashine ni mbovu?

JIBU: Huenda ni unyevu wa hewa. Sufu hubeba maji hadi takriban asilimia 14 hadi 16 ya uzito wake mkavu katika hewa ya kawaida, na keratini ndani ya utando haijaiacha tabia hiyo. Maji hulainisha PVA pia, na gliserini, kama uliiongeza, huvuta maji mengine zaidi. Kabla ya kupima, weka vipande vyote kwa muda usiopungua saa 24 katika nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 65, ambayo ndiyo hali ya kawaida ya maabara za nguo, na uvipime ndani ya hali hiyo hiyo. Pima unene wa kila kipande mahali pasipopungua patano, kisha utupe vile ambavyo unene wake unatofautiana mno kabla hujavivuta, wala si baada ya kuona matokeo.